Uzi: Elektroni inavunjaje molekuli ndani ya plazma baridi, na kwa nini transfoma kubwa haiongezi ukali wa elektroni kwenye mashine ya ozoni

Mwalimu_Wandegeya (mwanzilishi wa uzi)

Kila mada ya ozoni ya kusafishia maji inapoibuka humu, hesabu inayoletwa ni ile ile: kifungo cha O₂ ni 5.12 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati ya chembe ndogo), kwa hiyo elektroni ikifikisha 5.12 eV molekuli inakatika. Hesabu hiyo inapotosha, na hasara yake inaonekana mfukoni. Watu wananunua transfoma ya kilovolti nyingi wakitarajia elektroni kali zaidi, na hawazipati.

Tuanze na uzito. O₂ ni nzito kuliko elektroni karibu mara 58,000. Katika mgongano wa kudunda tu, elektroni huiachia molekuli kwa wastani sehemu 3 au 4 kwa 100,000 za nishati yake. Ni punje ya mtama inayogonga jiwe la kilo moja na nusu. Ndiyo maana gesi inabaki vuguvugu ilhali elektroni zina 2 au 3 eV, yaani joto la Kelvini elfu 23 hadi 35, na ndiyo maana tunaiita plazma baridi.

Kwa hiyo elektroni haipasui molekuli kwa kusukuma viini vyake. Kinachotokea ni kwamba elektroni mojawapo ya molekuli yenyewe inarushwa ngazi ya juu, na katika ngazi hiyo viini havivutani tena, vinasukumana. Kuanzia hapo molekuli inajitenganisha yenyewe.

Sasa tazameni muda. Elektroni ya 6 eV hukimbia 1.45 × 10⁶ m/s. Kukatiza molekuli, tuseme 0.3 nm, kunaichukua sekunde 2 × 10⁻¹⁶. Mtetemo mmoja wa O₂ huchukua 2.1 × 10⁻¹⁴, karibu mara 100 ya muda huo. Viini havipati nafasi ya kusogea wakati ngazi inabadilika. Hiyo ndiyo kanuni ya Franck na Condon. Elektroni inalazimika kulipa gharama yote ya kupanda wima, viini vikiwa bado vimeachana 0.121 nm vile vile. Gharama hiyo ni kubwa kuliko kifungo:

O₂: kifungo 5.12 eV. Kuvunjika kunaanza kuwa na maana karibu na 6 eV, atomu mbili zikitoka zikiwa tulivu. Njia pana zaidi inafunguka karibu na 8.4 eV, na hapo atomu moja inatoka ikiwa imesisimka, O(¹D).
H₂O: kifungo 5.1 eV, kizingiti karibu 7 eV, inatoa OH na H.
H₂: kifungo 4.48 eV, kizingiti karibu 8.8 eV.
CH₄: kifungo 4.5 eV, kizingiti karibu 9 eV.
N₂: kifungo 9.76 eV, na kwa sehemu kubwa haivunjiki mpaka elektroni ivuke 12 eV.

Ile tofauti haipotei. Vipande vinaondoka nayo kama mwendo. Kwa H₂ kila atomu inaweza kutoka na 2 hadi 3 eV, na baadaye mwendo huo unaishia kuipasha gesi joto.

FundiKatwe

Mwalimu, hapo nimekufuata. Swali la karakana sasa. Bomba la kioo, ndani elektrodi ya chuma cha pua, nje foili, mwanya wa 1 mm. Nikiondoa transfoma ya 8 kV nikaweka ya 15 kV kwenye bomba lile lile, si uga wa umeme ndani ya mwanya unakaribia maradufu? Na uga ukiongezeka, si elektroni zinakuwa kali?

Mwalimu_Wandegeya

Hapana, ssebo, na hili ndilo jambo kuu la uzi huu.

Elektroni hupata nishati katika umbali inaousafiri kabla ya kugonga molekuli. Molekuli za gesi zikisongamana, umbali huo ni mfupi. Kwa hiyo kinachopanga ukali wa elektroni si uga E peke yake, ni E gawanya kwa idadi ya molekuli N. Kipimo chake ni Townsend: 1 Td = 10⁻²¹ V·m².

Sasa, mashine yako ina kioo katikati. Hewa ya mwanyani ikipasuka, chaji inatua juu ya kioo na kuupinga uga, na cheche inazimika ndani ya makumi ya nanosekunde. Volteji ikiendelea kupanda, cheche nyingine inazuka pembeni, kwenye sehemu ya kioo ambayo haijachajiwa. Volteji ya mwanyani haivuki ile ya kupasua hewa. Ziada yote inachukuliwa na kioo. Ukiweka 15 kV unapata cheche nyingi zaidi kwa kila mzunguko, lakini kila cheche inazaliwa katika E/N ile ile.

Kinachobadilisha E/N ni upana wa mwanya na shinikizo la hewa. Kwa Kampala, mita kama 1,190 juu ya bahari, chukua 88 kPa na 25 °C: N = 2.14 × 10²⁵ kwa mita ya ujazo. Ukitumia fomula ya kawaida ya kupasuka kwa hewa unapata takriban:

mwanya 0.5 mm: 2.3 kV, 214 Td
mwanya 1 mm: 3.8 kV, 180 Td
mwanya 2 mm: 6.6 kV, 155 Td

Hizo ni thamani za wakati wa kupasuka. Kwenye kichwa cha cheche inapokimbia kuvuka mwanya, E/N hupanda mara kadhaa ya hapo kwa nanosekunde chache, kisha inashuka.

Kwa nini tunajali? Kwa sababu kwenye hewa, chini ya takriban 80 Td sehemu kubwa ya nishati ya elektroni inamezwa na mitetemo ya N₂. Elektroni za 2 hadi 3 eV zinanaswa na N₂ kwa kitambo kidogo sana, kisha zinaachiwa zikiwa zimepoteza nishati, na molekuli inabaki ikitetemeka bila kuvunjika. Ukiwa 150 Td na zaidi, elektroni nyingi zinavuka ukanda huo na kufikia 6 na 8.4 eV za oksijeni.

Mhandisi_Jinja

Naongeza namba za wati, maana hapo ndipo transfoma za mabango ya neoni zinapowaangusha watu.

Chukua bomba la FundiKatwe: urefu wa elektrodi 200 mm, kipenyo cha wastani 30 mm, kioo cha borosilikati cha 2 mm, mwanya 1 mm. Eneo ni 0.0188 m². Uwezo wa kioo kubeba chaji, Cd, ni kama 384 pF. Uwezo wa mwanya, Cg, ni 167 pF.

Fomula ya Manley ya 1943:

P = 4 · f · Cd · Vm · [Vkilele − (1 + Cg/Cd) · Vm]

f ni masafa, Vkilele ni kilele cha volteji ya transfoma, na Vm ni volteji ya mwanya, chukua 3.8 kV. Cheche hazianzi kabla ya kilele cha 1.435 × 3.8 = 5.45 kV.

Kilele cha 8 kV kwa 50 Hz: wati 0.74.
Transfoma ya 15 kV (kilele chake ni 21 kV) kwa 50 Hz: wati 4.6.
Kilele cha 8 kV kwa 5 kHz: wati 74.

Angalieni mstari wa pili. Umelipia 15 kV, kioo kinabeba zaidi ya 17 kV, kikiwa na kapovu kadogo ndani yake kitatoboka, na hujafika hata wati 5. Nguvu inapatikana kwenye masafa. Daraja nusu la IGBT (transista za nguvu zinazowasha na kuzima haraka), transfoma ya ferraiti, na koili ya kusikizanisha na uwezo wa bomba zima (hapa 116 pF kabla ya cheche kuanza) vinatosha. Flaibaki za televisheni (transfoma zao za volteji ya juu) zenye diodi ndani haziwezi kufanya kazi hii: zinatoa mkondo wa upande mmoja, na kioo hakipitishi mkondo huo. Utaona mwako mara moja, kisha kimya.

Wati 74 kwenye eneo hilo ni 0.39 W kwa kila cm². Elektrodi ya ndani ipitishiwe maji. Bila maji gesi inapanda joto, na ozoni inavunjika kwa kasi kuliko inavyotengenezwa.

Nnyabo_Mbarara

Kwa wanaotaka kukokotoa wenyewe badala ya kukisia: chukueni seti ya maeneo ya mgongano (vipimo vya uwezekano wa elektroni kugonga molekuli) kutoka LXCat, hifadhi ya data ya mtandaoni, ingizeni kwenye BOLSIG+, programu inayokokotoa mgawanyo wa nishati za elektroni. Vyote vinapatikana bure. Kuna mitego mitatu inayowakamata wanafunzi.

Wa kwanza. Kwenye seti ya mtafiti Phelps ya O₂ hamtaona neno "kuvunjika". Mtaona misisimko yenye vizingiti 0.977, 1.627, 4.5, 6.0, 8.4 na 9.97 eV, kisha kuayonisha (kung'oa elektroni ya molekuli) karibu 12.06. Misisimko ya 6.0 na 8.4 ndiyo kuvunjika kwenyewe, kwa sababu ngazi hizo haziishikilii molekuli. Molekuli ikipanda imeshakatika. Mkitafuta jina mtahitimisha kwamba O₂ haivunjiki kabisa.

Wa pili. Msichanganye mstari mmoja kutoka seti hii na mwingine kutoka seti ile. Kila seti imesawazishwa kwa ujumla wake ilingane na vipimo vya mwendo wa elektroni kwenye gesi. Ukipachika kuvunjika kutoka kwa mtafiti mwingine juu ya msisimko uliokwishahesabika, umeutoza mgongano ule ule mara mbili, na mkia wa elektroni kali unakatwa kuliko inavyostahili. Vile vile, uhamisho wa msukumo uwe wa aina moja: ama wa kudunda peke yake, ama wa jumla. Programu haikubali vyote viwili kwa gesi moja.

Wa tatu, kutumia mgawanyo wa Maxwell (ule wa gesi iliyotulia katika joto moja) kwa nishati za elektroni kwa sababu ni rahisi. Ukitoka 2 eV kwenda 3 eV, sehemu ya kipeo kwa kizingiti cha 8.4 eV inaongezeka mara 4, na kwa kizingiti cha kuayonisha, 12.06 eV, mara 7.5. Unaona jinsi jibu linavyotegemea mkia. Na kwenye gesi halisi mkia ni mwembamba kuliko wa Maxwell, kwani kila elektroni inayovuka kizingiti inaelekea kugonga na kurudi chini. Maxwell atakuahidi ozoni ambayo haipo.

Mkemia_Entebbe

Hapa pote tumeongea kana kwamba nitrojeni ni mzigo tu. Si kweli. N₂ ni ngumu kuvunja, lakini inasisimka kwa urahisi zaidi: ngazi ya kwanza ya kielektroni, A, iko 6.17 eV. N₂ iliyosisimka hivyo ikikutana na O₂ inaivunja, O mbili zinatoka. Kwenye mashine ya hewa sehemu kubwa ya atomu za oksijeni zinatoka kwa njia hii ya mzunguko, na inaendelea kwa sehemu ndogo ya mikrosekunde baada ya cheche kuzimika. Ndiyo sababu hewa haitoi ozoni pungufu mara tano kuliko oksijeni safi, ingawa O₂ ndani yake ni moja ya tano.

Kisha O inahitaji wa tatu, M, yaani molekuli yoyote ya gesi inayobeba nishati ya ziada: O + O₂ + M → O₃ + M. Kwa shinikizo la Kampala inachukua kama mikrosekunde 17 kwenye hewa, na kama 4 kwenye oksijeni safi. Cheche imekwisha zamani. Elektroni kazi yake ni kuvunja tu, kutengeneza ozoni ni kemia ya gesi baridi. Zigawanyeni hatua hizi mbili akilini, maana dawa zake ni tofauti: ya kwanza inarekebishwa kwa mwanya, ya pili kwa kupoza.

Kuhusu ufanisi. Kwa hesabu ya nishati ya kikemia peke yake 1 kWh ingetoa kilo 1.2 za ozoni. Lakini ukilipa 6 eV kwa atomu mbili, kila O₃ inakugharimu 3 eV, na dari inashuka hadi kilo 0.6. Ukilipa 8.4 eV, inakuwa 0.43. Hiyo ni kama kila elektroni inavunja na kila atomu inakuwa ozoni. Mashine nzuri za oksijeni zinafanya kazi kwa kWh 8 hadi 10 kwa kilo, za hewa 15 hadi 20. Atakayekuuzia mashine ya hewa inayodai kWh 2 kwa kilo, mwombe kipimo.

Mwanafunzi_Kabale

Samahani wakubwa. Kabale iko karibu mita 2,000, shinikizo kama 80 kPa. Je, bomba lililopangwa Kampala litafanya kazi sawa huku?

Mwalimu_Wandegeya

Litawaka mapema kidogo, mwanangu. Molekuli ni chache, basi volteji ya kupasua 1 mm inashuka hadi kama 3.6 kV na E/N inapanda kidogo. Kwa upande wa kuvunja huna hasara. Hasara iko kwenye hatua ya Mkemia: ile ya watatu inakwenda kwa mraba wa N, kwa hiyo kule kwenu kasi yake inapungua karibu 17% kuliko Kampala. Bado ni mikrosekunde, bado inashinda. Usibadilishe bomba. Pima tu upya kilele cha volteji, maana wati zitahama.

Mhandisi_Jinja

Kinachoua mashine nyingi nchini kwetu si mwinuko, ni unyevu.

Hewa ya 25 °C yenye unyevu wa 75% ina maji kama gramu 17 kwa mita ya ujazo. Ukivuta lita 10 kwa dakika, yanaingia gramu 10 kila saa. Maji yanafanya mambo mawili. Yanaweka utando unaopitisha umeme juu ya kioo, chaji inatambaa, na badala ya cheche nyingi nyembamba unapata chache nene zinazopasha joto. Na elektroni zinavunja H₂O, OH inaingilia mnyororo wa ozoni, na oksaidi za nitrojeni zinageuka asidi ya nitriki. Ukifungua bomba ukakuta unga mweupe na madoa ya kijani kwenye viungo vya shaba, ndiyo hiyo asidi. Shaba isiwepo kabisa upande wa gesi.

Silika jeli gramu 500 inabeba kama gramu 100 kabla ya kulegea, yaani saa 10 kwa mtiririko huo. Weka mitungi miwili, mmoja ukifanya kazi mwingine unakaushwa kwa 120 °C. Silika itakufikisha nukta ya umande (joto ambalo mvuke wa hewani unaanza kuganda) ya karibu −40 °C. Lengo la viwandani ni −60 °C. Kwa hapo ongeza mtungi wa chujio la molekuli baada ya silika, na huo unakaushwa kwa zaidi ya 200 °C. Ukiuweka kabla ya silika utajaa siku hiyo hiyo.

Mpira wa asili usiwekwe popote ozoni inapopita, unapasuka. Silikoni au tefloni. Na chumba kiwe na hewa: kikomo cha kazini ni 0.1 ppm (sehemu 0.1 kwa milioni), na pua yako inazoea harufu kabla ya mapafu kupona.

FundiKatwe

Nashukuru sana. Mbili za mwisho. Kwanza, kama mwanya mwembamba unapandisha Td, kwa nini tusiende 0.2 mm? Pili, kuna mashine zinazotoa ozoni vizuri kwa dakika chache halafu inashuka hadi sifuri, na plazma bado inawaka zambarau. Elektroni zimeacha kuvunja?

Mkemia_Entebbe

La pili kwanza. Elektroni zinavunja kama kawaida. Zambarau ile ni N₂, mwanga wake mkali uko 337.1 nm na mikia yake ndiyo unayoiona. Tatizo ni kwamba nguvu ni nyingi mno kwa hewa inayopita, atomu za N zimeongezeka, NO imejikusanya. NO inakula O₃ inakuwa NO₂, NO₂ inakula O inarudi kuwa NO. Molekuli moja ya NO inazunguka hivyo mara nyingi. Ongeza mtiririko wa hewa au punguza masafa, na poza elektrodi. Ukiongeza wati ili "kuisukuma", sumu inazidi.

La kwanza: unaweza, viwanda vinakwenda chini ya 0.5 mm, lakini kwenye cheche moja ukizidisha kuvunja, atomu za O zinakutana zenyewe kabla ya kupata O₂. Panapofaa ni atomu kama 2 za O kwa kila molekuli 1,000 za O₂ ndani ya cheche. Halafu kuna mambo ya mikono: kosa la 0.1 mm kwenye mwanya wa 1 mm ni 10%, kwenye 0.2 mm ni nusu ya mwanya. Bomba la kioo la dukani halijanyooka kiasi hicho. Upande mmoja utawaka, mwingine utakaa giza.

Nnyabo_Mbarara

Na giza hilo linapimika bila kufungua bomba. Weka kapasita ya filamu ya 100 nF, 630 V, kati ya foili na ardhi, na taa ndogo ya neoni sambamba nayo ili kioo kikitoboka oskiloskopu isiungue. Probu ya 1000:1 kwenye volteji kuu iwe X, volteji ya kapasita iwe Y. Unapata msambamba. Kwa bomba hili Y itakuwa kama 32 V kutoka chini hadi juu kwa kilele cha 8 kV. Eneo la msambamba, baada ya kuzidisha Y kwa 100 nF, ni nishati ya mzunguko mmoja. Zidisha kwa masafa upate wati.

Mteremko wa pande zilizolala ni 116 pF, bomba bila cheche. Mteremko wa pande zilizosimama lazima ukaribie 384 pF, kioo peke yake. Ukipata 250, kioo hakitumiki chote: karibu nusu ya bomba haina cheche. Legeza vishikio, zungusha elektrodi ya ndani robo, pima tena. Kabla ya kugusa chochote zima umeme, kisha gusisha foili na elektrodi ya ndani kwa waya wenye mpini wa kuhami, kwa sababu kioo kinabaki na chaji hata plagi ikiwa imetoka ukutani.